NYONGA YA BANDIA: INAVYOSHIKIZWA, NA VIJIDUDU VINAVYOIVAMIA



Katika mashamba ya miwa na ya chai, na katika maghala ya viwanda vyetu, wapo wenzetu wanaochechemea. Ukimwuliza mmoja, atakwambia kiuno kinamsumbua. Ukimwambia akuonyeshe mahali penyewe, ataweka mkono kwenye kinena, au atashuka na paja mpaka gotini. Hicho si kiuno, ni nyonga. Wengi humeza vidonge vya maumivu miaka mitano au sita kabla ya picha kupigwa, na picha ikisha kupigwa daktari anasema nyonga imekwisha, inafaa kubadilishwa.

Somo letu la safari hii linahusu hiyo kazi ya kubadilisha. Tutaeleza jinsi nyonga ya bandia inavyoshikizwa ndani ya mfupa, kwa sababu mgonjwa huulizwa au huambiwa juu ya jambo hilo bila kufafanuliwa. Kisha tutaeleza hatari ambayo madaktari wanaiogopa kuliko zote katika kazi hii, nayo ni vijidudu kuingia mahali palipowekwa chuma.

Nyonga ni kama mchi na kinu. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilichomo katika mfupa wa nyonga. Kati yao kuna gegedu laini lenye utelezi. Gegedu likisagika, mfupa unasaga mfupa. Kwa wengine kinachoharibika kwanza si gegedu bali damu inayolisha kichwa cha mfupa: damu ikikatika, kichwa hufa na kuporomoka. Hilo huwapata wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi katika nchi zetu, wanaokunywa pombe kali kupita kiasi, waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na baadhi ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Huwapata pia wapiga mbizi na wachimbaji wa mahandaki wanaofanya kazi ndani ya hewa iliyoshindiliwa, na hayo ni maradhi ya kazi bila ubishi.

Je, kubeba mizigo kunaharibu nyonga? Waajiri wengi husema ni uzee tu. Lakini huko Ujerumani, tangu mwaka 2021, kusagika kwa nyonga kwa sababu ya kubeba mizigo kumeandikwa katika orodha ya serikali ya maradhi ya kazi. Sharti lake ni kwamba mfanyakazi awe amenyanyua au amebeba jumla ya tani 9,500 katika maisha yake ya kazi, kwa mizigo ya kilo 20 au zaidi, angalau mara 10 kwa siku. Usishtuke kwa ukubwa wa hesabu hiyo. Mchukuzi anayebeba magunia 40 ya kilo 50 kila siku amebeba tani 2. Akifanya kazi siku 250 kwa mwaka, ni tani 500. Katika miaka 19 amefikisha tani 9,500, na wako wachukuzi wetu wanaobeba gunia la kilo 100. Sheria hiyo ni ya Wajerumani, haimfungi mwajiri wa kwetu. Lakini mtu akikuambia kuwa hakuna nchi inayokubali jambo hilo, sasa unalo jibu.

FUNDI WA LANCASHIRE NA GURUDUMU LA KITANDA CHA NGUO

Nyonga ya bandia tunayoijua leo ilitoka katika hospitali ya Wrightington, karibu na mji wa Wigan, mkoa wa Lancashire huko Uingereza. Ni nchi ya machimbo ya makaa na viwanda vya pamba, na hospitali yenyewe hapo mwanzo ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Daktari mpasuaji John Charnley alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuweka kichwa kidogo cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki. Plastiki ya kwanza, Teflon, ilikuwa na utelezi mzuri sana, lakini ililika upesi. Wagonjwa waliotembea kwa furaha walirudi baada ya miaka michache, vikombe vimeliwa na unga wa plastiki umekula mifupa yao. Charnley alijidunga unga huo pajani mwake mwenyewe aone mwili utafanya nini, na mwili wake uliukataa.

Mwaka 1962 mchuuzi mmoja alifika na plastiki nyingine, politheni ngumu, iliyokuwa ikitumika kutengenezea magurudumu ya meno ya mitambo ya kufumia nguo katika viwanda vya Lancashire. Charnley aliibonyeza kwa ukucha wa dole gumba, akaiona laini, akaenda zake. Fundi wake wa karakana, Harry Craven, hakuitupa. Aliifunga kwenye mashine ya kupimia akaiacha izunguke. Baada ya majuma matatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mgonjwa wa kwanza aliwekewa kikombe cha plastiki hiyo, na mpaka leo, ingawa imeboreshwa, politheni ndiyo inayotumika mahali pengi. Charnley alipewa heshima nyingi, na alistahili. Jina la Craven halitajwi sana, ndiyo maana tumelitaja.

SARUJI AU BILA SARUJI

Kichwa cha bandia kina mguu mrefu wa chuma unaotumbukizwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja. Mguu huo usipokaa imara, kila hatua unatikisika, na mgonjwa anaumia. Kuna njia mbili za kuukaza.

Njia ya kwanza ni saruji ya mfupa. Si saruji ya mwashi. Ni plastiki iitwayo polimethili methakrilati, ambayo madaktari wa meno waliijua kabla. Unga na maji yake huchanganywa hapo hapo katika chumba cha upasuaji, hutoa harufu kali, hupata joto, na baada ya dakika 10 hadi 15 hivi huwa gumu. Watu hudhani saruji hii ni gundi. Sivyo. Fikiri nguzo ya lango: ukichimba shimo, ukasimamisha nguzo na kumimina zege, zege haliigandi nguzo kama gundi, bali linajaza nafasi na kuingia katika mashimo madogo ya ardhi mpaka nguzo haina pa kuchezea. Vivyo hivyo saruji ya mfupa huingia katika matundu madogo ya mfupa. Faida yake kubwa ni kwamba mgonjwa anaweza kukanyaga kesho yake, hata kama mfupa wake ni mwepesi kwa uzee. Hasara yake ni kwamba wakati wa kuisindika, presha ya damu ya baadhi ya wazee wenye moyo dhaifu huweza kushuka ghafla, kwa hiyo mtoa dawa za usingizi lazima awe macho. Na tusiwasahau wauguzi na wahudumu wanaoichanganya: mvuke wake huwasha macho na kifua, na maji yake hupenya glavu za mpira na kuunguza ngozi. Wanachama wetu wa hospitali waulize chumba chao kina bakuli la kuchanganyia lenye kifuniko na kinachovuta mvuke, au wanakoroga wazi kama uji.

Njia ya pili haina saruji. Hapa mfano ni mpini wa jembe. Mpini haugandishwi kwa gundi. Unachongwa uzidi kidogo tundu la jembe, unapigwa mpaka unabana. Daktari naye huchonga uwazi wa mfupa kwa kipimo, kisha hupiga nyundo mguu wa chuma mpaka ushike. Wewe ukilowesha mpini majini, mti unavimba na kubana zaidi. Katika nyonga ni mfupa unaofanya kazi hiyo: chuma, mara nyingi titaniamu, kina ngozi yenye mikwaruzo au matundu, au kimepakwa madini yanayofanana na ya mfupa, na katika majuma 6 hadi 12 mfupa hai huota na kukishika. Ikifaulu, inaweza kudumu miaka mingi sana, kwa hiyo hupendelewa kwa vijana, wakiwamo wagonjwa wa selimundu wanaoharibikiwa nyonga wakiwa na miaka 25 au 30. Lakini inataka mfupa wenye nguvu. Kwa bibi wa miaka 80, nyundo hiyo au kuanguka kidogo baadaye kwaweza kupasua mfupa wa paja. Bei yake pia huwa juu zaidi.

Wapo wanaochanganya: kikombe bila saruji, mguu kwa saruji. Mgonjwa asione kwamba kaonewa akisikia jirani yake kawekewa namna nyingine. Umri, mfupa na vifaa vilivyopo ndivyo vinavyoamua.

KWA NINI VIJIDUDU HUPENDA CHUMA

Ukikatwa na panga shambani, mwili wako unapigana. Damu inaleta askari wake, na jeraha linapona hata kama uchafu kidogo uliingia. Chuma hakina damu. Askari hawafiki vizuri, na dawa uliyomeza nayo haifiki vizuri. Mwaka 1957 watafiti wawili wa London, Elek na Conen, walionyesha jambo hili kwa watu waliojitolea. Kwenye ngozi tupu zilihitajika bakteria milioni kadhaa aina ya stafilokoka ili jipu litokee. Palipokuwa na uzi wa kushonea ndani ya ngozi, mamia machache tu yalitosha. Sasa linganisha uzi mmoja na kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja.

Tena bakteria hao wakisha kukaa juu ya chuma au plastiki au saruji, hujitengenezea utando, kama ule utelezi unaoushika kwenye mawe ya mtoni. Chini ya utando huo wanalala. Dawa inawaua walioko nje, homa inashuka, mgonjwa anadhani amepona. Wale wa ndani wanabaki. Hii ndiyo sababu uambukizo wa nyonga ya bandia hautibiwi kwa vidonge vya dukani.

Wengi wa vijidudu hivi hutoka katika ngozi: ya mgonjwa mwenyewe, au ya watu waliomo chumbani. Charnley, ambaye karibu wagonjwa wake 7 katika kila 100 walipatwa na uambukizo, aliamini vinaanguka kutoka hewani. Akishirikiana na Hugh Howorth, fundi wa mitambo ya kusafishia hewa, alijenga kibanda cha vioo ndani ya chumba cha upasuaji, hewa iliyochujwa ikishuka juu ya mgonjwa, na wapasuaji wakavaa nguo zenye mipira ya kunyonya pumzi zao. Kufikia mwaka 1970 idadi ilikuwa imeshuka chini ya mmoja katika 100. Mwaka 1982 uchunguzi mkubwa wa upasuaji zaidi ya 8,000 wa nyonga na magoti, ulioongozwa na Owen Lidwell, ulionyesha kwamba katika hewa safi sana uambukizo ulikuwa 0.6 kwa mia, na katika vyumba vya kawaida 1.5 kwa mia. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba dawa ya antibiotiki iliyotolewa kwa wakati wake ilisaidia sana pia. Siku hizi, kwa kuwa kila mgonjwa hupewa dawa hiyo, faida ya mitambo ya hewa haionekani tena waziwazi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba isitumike kwa kusudi hilo. Hospitali zetu zisizo nayo zisidharauliwe kwa hilo. Afadhali uulize kama sindano ya antibiotiki hutolewa ndani ya saa moja kabla ya kisu, na kama mlango wa chumba hufungwa au watu hupita kama sokoni.

Mwaka 1970 Hans-Wilhelm Buchholz, daktari wa Hamburg, alitangaza njia yake ya kuchanganya antibiotiki, jentamisini, ndani ya saruji yenyewe. Dawa hiyo haiharibiwi na joto la saruji, nayo hutoka kidogo kidogo pale pale vijidudu vinapotaka kukaa. Hapa ndipo habari ya kushikiza na habari ya uambukizo zinapokutana. Nchi ya Norway huandika kila nyonga inayowekwa tangu mwaka 1987, na daftari hilo limeonyesha kuwa saruji isiyo na dawa ilirudisha wagonjwa wengi zaidi mezani kwa uambukizo kuliko saruji yenye dawa. Nyonga zisizo na saruji zilikuwa karibu sawa na zile za saruji yenye dawa. Kwa hiyo usikubali maneno ya mtaani kwamba "saruji huleta usaha" au "chuma kitupu ni salama". Swali la kumwuliza daktari ni hili: kama ni saruji, ina antibiotiki?

Karibu na kwetu, Malawi nao walianza daftari lao la taifa la viungo vya bandia mwaka 2005. Jambo moja lililotoka huko linafaa kujulikana na kila mwanachama: watu wenye virusi vya UKIMWI waliobadilishiwa nyonga huko walipona bila uambukizo wa mapema. Mfanyakazi asinyimwe upasuaji kwa sababu ya virusi peke yake. La muhimu ni kumeza dawa zake na kinga yake kuwa nzuri.

KABLA YA KISU NA BAADA YAKE

Mengine yamo mikononi mwa mgonjwa. Kidonda cha mguu cha jembe, mkato wa majani ya muwa uliotunga usaha, jipu, jino bovu: vyote vitibiwe vipone kabla, hata kama tarehe itasogezwa. Mwenye sukari aishushe. Mvutaji aache sigara majuma manne au zaidi kabla. Mwenye upungufu wa damu na aliyekonda atafute nguvu kwanza. Usidungwe sindano ya steroidi kwenye nyonga hiyo katika miezi mitatu kabla ya upasuaji. Inatuliza maumivu kweli, lakini inaongeza hatari. Oga kwa sabuni usiku wa kuamkia siku hiyo. Usinyoe nywele za paja kwa wembe, maana wembe huacha mikwaruzo ambamo vijidudu huzaliana. Zikihitaji kuondolewa, hospitali izikate kwa mashine.

Baada ya kushonwa, kidonda kisipakwe majivu, mafuta ya taa wala dawa ya majani, na mtu asichanjwe chale juu ya nyonga hiyo. Tunajua wazee wetu wana dawa zao. Hapa si mahali pake.

Katika hospitali nzuri, uambukizo humpata mgonjwa mmoja au wawili katika 100. Huweza kuja katika majuma ya kwanza: kidonda kinavuja baada ya juma moja, kinakuwa chekundu, maumivu yanazidi badala ya kupungua, homa. Huweza kuja polepole, mwaka wa kwanza au wa pili, bila homa wala usaha, ila nyonga inauma hata ukiwa umelala. Huweza pia kuja baada ya miaka kumi, kutoka kwenye jipu au kidonda cha mguu, kupitia damu.

Ukiona dalili hizo, usinunue antibiotiki. Hili tunalirudia kwa sababu ndilo kosa linaloonekana zaidi, na mara nyingine hata zahanati ya shamba hulifanya. Rudi kwa waliokupasua. Watapima damu na kuvuta maji ya nyonga kwa sindano, wajue ni kijidudu gani. Ukiwa umekwisha kumeza vidonge, kijidudu hujificha na kipimo hakioni kitu. Uambukizo ukigunduliwa katika majuma ya kwanza, huenda wakafungua, wakaosha vizuri, wakabadilisha vipande vinavyoondoleka, na kukupa dawa kwa miezi mitatu hivi, nyonga ikabaki. Ukichelewa, utando umekwisha kukomaa, na chuma chote hutolewa pamoja na saruji yake. Wengine huwekewa kingine siku hiyo hiyo. Wengine hukaa majuma mengi na kipande cha muda cha saruji yenye dawa, kisha hupasuliwa tena. Na asiye na fedha ya upasuaji wa pili huachwa bila nyonga: mguu mfupi, magongo ya kudumu, na kazi ya shamba imekwisha.

Kwa hiyo siku ya kurudi kazini si jambo la meneja kuamua kwa kuangalia mavuno. Kazi ya kukaa yaweza kuanza baada ya majuma sita hivi kwa anayeendelea vizuri. Kazi ya kusimama huchukua kama miezi mitatu. Kubeba magunia hakupaswi kurudiwa kabisa, kwa sababu mzigo mzito hulegeza kiungo cha namna yoyote, cha saruji au kisicho na saruji. Katibu wa tawi aombe barua ya daktari inayotaja uzito ambao mwanachama asizidishe, na aipeleke kwa mwajiri kwa maandishi, nakala ibaki ofisini. Ruhusa ya kwenda kliniki nayo iandikwe humo, maana mtu anayeogopa kukatwa siku moja ya mshahara ndiye anayechelewa na kidonda kinachovuja.

Mwisho, kabla hujatoka hospitali omba karatasi zenye nambari zilizokuwa kwenye paketi ya nyonga yako, na uandikiwe aina ya chuma, ukubwa wake, kama kuna saruji na kama ina dawa. Wengi wetu hufanya kazi nchi moja na kustaafu nchi nyingine. Daktari wa huko, miaka 15 baadaye, akitaka kutoa kipande hicho au kubadilisha kikombe kilicholika, atahitaji kujua anatafuta kifaa gani, na picha peke yake haimwambii kila kitu. Weka karatasi hizo pamoja na kadi yako ya chama.